Historia ya Mwanangu Breki, Aliyekaa Kiti cha Pembeni

Ndugu zetu, wakwe zetu, majirani wa mtaa wa juu na wa chini, nanyi mliofunga maduka leo ili mje kukaa nasi, poleni na asanteni, anayewasomea ni mwanangu wa kwanza, kaka wa marehemu, lakini maneno ni yangu mimi mama yao, ambaye darasani niliingia kufagia tu, kwa hiyo mimi nimesema yeye ameandika, tarehe ni zake kwa kuwa ndiye mwenye kichwa cha tarehe, na tumekubaliana hataongeza wala hatapunguza, hata pale ulimi wake utakapokuwa mzito.

Marehemu, binti yangu, alizaliwa tarehe 2 Septemba 1981, mtoto wa pili kati ya watatu, katika chumba cha uani cha nyumba tuliyopanga nyuma ya kituo cha mafuta, mimi siku hiyo naikumbuka kwa mashuka, nilikuwa nimeyaanika, mvua ikaanza na uchungu ukaanza, nikawa nimesimama pale nikijiuliza nikimbilie lipi, mkunga aliponikuta na shuka kichwani akasema, "Hayo yatakauka kesho mama, huyu hangoji," na kweli hakungoja, ila ndiyo ilikuwa haraka yake ya kwanza na ya mwisho, maana baada ya hapo akawa mtoto wa polepole kuliko jioni ya mfungo, baba yake, Mungu amrehemu, alikuwa akisema huyu ukimtuma chumvi, mboga ya leo itakolea kesho.

Alianza shule ya msingi mwaka 1989 akamaliza mwaka 1995, kisha akasoma sekondari hadi mwaka 1999, hakuwa wa mbele wala wa mkia, walimu waliandika kwamba ana utulivu, lakini nikiulizwa mimi alisomea nini nitasema alisomea barabara, kwa sababu mdogo wake, kitinda mimba wangu, alipoanza darasa la kwanza yeye alikuwa la saba, na kati ya nyumba na shule palikuwa na barabara kubwa ya malori, na huyo mdogo alikuwa na miguu isiyo na masikio, akiona mpira ng'ambo keshavuka, hivyo dada mtu kila asubuhi akawa anamvusha amemshika kifundo cha mkono, muuza mkaa wa pale kona akamwuliza, "We binti, mbona umemkamata mwenzio kama mwizi wa kuku?" naye akajibu bila kusimama, "Kiganja kinateleza mama, kifundo hakitelezi," na muuza mkaa alilicheka neno hilo miaka yote, akiniona sokoni ananiambia, mzima yule askari wako?

Hapa ndipo msomaji wenu aliweka kalamu chini, akaniambia, "Mama, huyo mdogo tumruke, tuseme tu ameacha ndugu, inatosha," nami sikumkasirikia, ana uchungu wake na anastahili kuwa nao, nikamwambia mwanangu, huwezi kusimulia mtoto wa pili ukaruka wa tatu, tumbo lilikuwa moja, tena dada yako alimshika huyu mkono mara nyingi kuliko alivyoshika kijiko, ukimtoa yeye, maisha ya dada yako yatabaki nusu, kwa hiyo andika, akaandika.

Kazi alianza mwaka 2000 katika shule ya udereva iliyo mkabala na posta, hakuajiriwa kufundisha, aliajiriwa kuosha magari na kupokea simu, lakini mwenye shule akaona binti anayeosha gari halafu analirudisha kwenye maegesho taratibu bila kugusa hata ndoo, akamwambia bora ujifunze kihalali kuliko kunijaribia humu uani, akapata leseni mwaka 2002, na tarehe 1 Machi 2004 akawa mwalimu wa udereva, kazi aliyoifanya hadi wiki iliyopita, na nikitazama viti hivi naona nusu yenu mlipita mikononi mwake, muuza nyama yule aliyekuwa akifumba macho kwenye kona yupo, na kinyozi aliyekuwa akitumia kioo cha gari kujitazama nywele naye yupo, marehemu alimwambia, "Bwana mkubwa, hicho kioo ni cha kutazama wanaokuja nyuma, mbele yako unakuja mwenyewe," na neno lake kwenu nyote lilikuwa moja, usiniangalie mimi, angalia mbele.

Gari la kufundishia, kwa msiolijua, lina breki mbili, moja ya mwanafunzi na nyingine chini ya mguu wa mwalimu kwenye kiti cha pembeni, na breki hiyo ya pembeni ndiyo iliyompa jina, wanafunzi wakamwita Breki, tukamwita hivyo hata nyumbani, maana mguu ule wa kulia ulikuwa haujui kustaafu, ukimpa lifti anakanyaga sakafu kila ukikaribia kona, zulia la gari la kaka yake huyu anayewasomea lilitoboka upande wa abiria, akamtania, "Dada, nitakudai zulia," naye akamwambia, "Nidai, ila ujue lilitoboka likikuokoa."

Alifunga ndoa tarehe 15 Desemba 2007 na fundi umeme, ambaye alikuja kwake kujifunza gari akafeli mtihani wa leseni mara tatu, na siku ya kujitambulisha nyumbani kwetu mume wangu alimwuliza kwa nini mtu anayepanda nguzo za umeme ashindwe kurudi kinyumenyume, kijana akatazama viatu vyake akasema, "Mzee, ningefaulu ningeondoka," tukacheka mpaka chai ikapoa, wakakaa miaka bila mtoto, majirani wakasema ya majirani, na tarehe 20 Aprili 2015 wakampata binti yao mmoja, mjukuu wangu, ambaye marehemu alimfunga mkanda kila safari, hata safari ya kutoka barazani kwenda getini, mtoto akilalamika, "Mama, tunafungua geti tu," anamjibu, "Geti nalo ni barabara."

Marehemu hakuugua, mahali pa ugonjwa katika historia yake pako wazi, na badala yake lazima niweke Jumamosi tarehe 8 Juni 2024, siku ya harusi ya binti wa shangazi yao, mimi goti langu lilikataa safari nikabaki nyumbani, mume wake alikuwa zamu kazini, hivyo walikwenda kwa gari la kitinda mimba, na alasiri wakati wa kurudi aliyeshika usukani alikuwa kitinda mimba mwenyewe, marehemu kiti cha pembeni, mjukuu wangu nyuma na mkanda wake, nami sitawazungusha, mwanangu huyo alikuwa amekunywa, kipimo cha askari kilisema hivyo na pumzi yake ilisema kabla ya kipimo, gari likaacha njia kwenye kona ya kiwanda cha matofali, likagonga ukingo wa daraja dogo.

Sasa watu wananiuliza, nami najiuliza, ilikuwaje mwalimu wa udereva asichukue ufunguo, mwanamke aliyemnyang'anya ufunguo mjomba wake mbele ya wageni, mwanamke aliyewahi kuutupa ufunguo wa muuza nyama kwenye pipa la maji akamwambia uopoe ukiwa umelevuka, wifi yake aliwaona wamesimama kando ya gari wanaongea, anasema walicheka, kisha dada akazunguka akaingia upande wa pembeni, walichoongea hakukisikia, na kitinda mimba nimemwuliza mimi mwenyewe kitandani hospitalini, akasema, "Mama, nakumbuka keki, baada ya keki sina kitu," akageukia ukuta.

Wengine wanasema kichwa kilimwuma, wengine wanasema hakutaka kumwaibisha mdogo wake mbele ya wakwe zake watarajiwa waliokuwapo harusini, wengine wanasema kijana alionekana mzima maana ulevi wake ni wa kunyamaza, na mwalimu mwenzake wa shule ya udereva alikuja juzi, akakaa jikoni, akakoroga chai ambayo hata sukari hakutia, akaniambia, "Mama, sisi tunakaa kiti cha pembeni na watu wasiojua gari siku nzima na tunarudi salama, nadhani alikaa pale kama alivyozoea, akasahau kwamba gari lile lina breki moja," nikalichukua neno lake nikaliweka pamoja na mengine, huenda ndilo, huenda silo, aliyelijua jibu tunamzika leo, na wapo hapa waliomwona kijana akishika ufunguo wakamwambia safari njema, nao wana maswali yao wanayolala nayo, sitawaongezea langu, ila ukirudi nyumbani leo na siku nyingine ukamwona mtu aliyekunywa anatafuta ufunguo wa gari, usione haya kwa niaba yake.

Haya niliyoyapata nayashika, la kwanza, askari wa barabarani aliyepima pale alinijia nyumbani, akavua kofia, akaniambia breki ya mkono ilikutwa imevutwa hadi mwisho na matairi yameacha alama ndefu kabla ya daraja, akasema, "Mama, mkono uliovuta siwezi kuuapia, lakini gari hili lilipunguzwa mwendo, bila hivyo ningekuja kukupa habari tatu," na la pili, mjukuu wangu, aliyetoka na mfupa wa bega uliovunjika tu, aliniambia alimsikia mama yake akiongea kwa sauti ile ya kazini, isiyopanda wala kushuka, "Usiniangalie mimi, angalia mbele, mguu kwenye breki, polepole baba, polepole," basi nami nashukuru, sijui alivyoingia kwenye gari lile, lakini najua alivyokuwa ndani yake, alikuwa kazini, alikuwa anavusha watu.

Aliishi siku mbili bila kufumbua macho, nesi wa zamu aliniambia mguu wake wa kulia ulikuwa ukisukumasukuma shuka, akauliza kama ni maumivu, nikamwambia hapana mwanangu, hiyo ni kazi, akaniletea kiti nikakaa upande wa mguu huo nikiushika, na Jumatatu tarehe 10 Juni 2024, asubuhi watu wakiingia kazini, ukatulia.

Ameacha mume, binti mmoja, mama, na ndugu wawili, nasema wawili, na msomaji wenu ameandika wawili kwa mkono wake.

Tunawashukuru wafyatua matofali walioacha toroli zao zikiwa na udongo, wakang'oa mlango wa stoo yao wakambeba juu yake, kijana wao mmoja alimvulia mjukuu wangu shati akarudi kwao kifua wazi, mlango tumeurudisha na shati jipya limeshonwa, tunawashukuru madaktari na wauguzi, hasa daktari yule mfupi aliyetuambia ukweli akiwa amekaa nasi, siyo amesimama mlangoni, tunawashukuru walimu na mwenye shule ya udereva, waliokuja leo na gari la kufundishia wakaliegesha pale nje taratibu bila kugusa hata ndoo, tunawashukuru wafanyakazi wenza wa mkwe wangu waliomkamata mkono asirudi kwenye nguzo mapema, na majirani, ambao tangu Jumamosi sijaona jiko langu likizimika wala sijui ni nani anayefua nguo zetu, mashuka yanaanikwa na kuanuliwa kabla ya mvua, Mungu awaone kama mlivyotuona.

Na bado liko moja, kitinda mimba yuko getini, mmempita wakati wa kuingia, mkono umefungwa plasta, ametoka kwa dhamana, hakuna aliyemfukuza na hakuna aliyempa kiti, mahakama itamwita naye atakwenda, mimi mwenyewe nitampeleka na goti langu hili, nitakaa benchi la mbele asikie jina la dada yake likitajwa, na nikiulizwa nitasema alikunywa, sitamfichia hata kidogo, aliyoyafanya ni yake na atayabeba, lakini mwanangu ninayemzika leo siwezi kumzika pamoja na ndugu yake aliye hai, nimebakiwa na wawili wasiosemeshana chini ya paa moja, na nikinyamaza leo, hata mimi nikifa mtanizika mkiwa pande mbili za ua.

Basi karatasi hii ikiisha, msomaji wenu ataikunja, ataitia mfukoni, atatembea mpaka getini, nanyi mtampisha, sijamwambia amsamehe, hilo haliagizwi kama chumvi, nimemwambia tu amlete kaburini aweke udongo na wenzake, amshike mkono ule mzima, na asimshike kiganja, amshike kifundo, anajua kwa nini.

Nawe mwanangu, mwalimu wa watu, pumzika kwa amani, ondoa mguu kwenye breki sasa, ndugu zako watavushana.