Naomi Alivyomaliza Praiveti

Bwana asifiwe, ndugu zangu, na nyie mnaokaa nyuma karibu na mlango ili mtoke mapema, Bwana asifiwe kwenu pia. Mchungaji ameniomba ushuhuda huu niuandike badala ya kuusema, kwa sababu mara ya mwisho niliposimama kushuhudia, kwaya ilikosa wimbo wake wa pili na wali wa akina mama ukaungua. Basi naandika. Mie ni Mama Naomi, mshonaji, mkazi wa Tabata, na mhitimu wa kidato cha nne wa shule ya jioni. Hilo la mwisho nalitaja kila mahali, hata sokoni ninaponunua dagaa.

Sie ni watu wa Upareni. Tulishuka Dar es Salaam muda mfupi baada ya Uhuru, Baba Naomi akapata ukarani bandarini, tukajenga Tabata wakati mihogo ilikuwa mingi kuliko watu. Nyumba ya udongo, makuti juu, cherehani yangu barazani, na watoto wanne. Naomi ndiye mkubwa.

Naomi alipomaliza darasa la saba, majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari yalisomwa shuleni, lake halikusomwa. Mnajua nafasi za serikali zilivyo. Shule nzima inasoma miaka saba, halafu wanaochaguliwa unaweza kuwabeba kwa baiskeli moja na mzigo wa kuni juu yake. Na Naomi alikuwa na akili. Nasema kama mama yake, kwa hiyo punguzeni nusu, na bado itabaki akili ya kutosha. Alirudi nyumbani, akavua sare, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye kikapu cha nguo za kutoa. Hakulia. Ningependa angelia.

 Jioni baba yake akasema, "Huyu anakwenda praiveti."

Ndugu zangu, neno hilo siku zile lilikuwa zito. Nchi nzima tunaimba usawa, tunapanga foleni moja ya sukari kwenye duka la ushirika, halafu wewe unasema mtoto wako anasoma shule ya kulipia. Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Chande, mtu wa utani sana, alimsimamisha mume wangu njiani.

"Ndugu karani, nasikia mmekuwa mabepari. Tangu lini?"

"Tangu tulipoanza kula mlenda usio na nazi, Ndugu Balozi."

Walicheka wote wawili, lakini mlenda ulikuwa wa kweli. Shule ile ilikuwa ya maana, ipo mjini, walimu wazuri, Kiingereza kinamwagika hata chooni. Ila kila muhula walikuwa na jambo jipya. Muhula huu ada ya masomo, muhula ujao mchango wa jengo, kisha dawati, kisha mlinzi. Nadhani hata kengele tuliinunua sie. Ada ile ilikuwa inarefuka kuliko Naomi mwenyewe, na Naomi ni msichana mrefu, anashusha kitu juu ya kabati bila kupanda kigoda.

Mbuzi wetu walikwenda sokoni. Kuku wakawafuata mbuzi. Tulikuwa na mabati tumeyaficha chini ya kitanda tukingoja kuondoa makuti, nayo yakaondoka. Masika yalipoingia, chumbani kwangu kulikuwa na mito mingi kuliko mkoa wa Morogoro. Uji watoto walikunywa bila sukari, ingawa sukari yenyewe ilikuwa haipatikani hata hivyo, kwa hiyo hapo siilaumu shule. Kilichoniuma ni wadogo zake Naomi. Waliacha kuuliza viatu. Mtoto akiomba viatu ukamkatalia, mnabishana, mnacheka, yanakwisha. Lakini mtoto akiacha kuomba, ujue ameshaelewa kitu ambacho hakikupasa kueleweka na mtoto.

Tulivumilia kidato cha kwanza na cha pili. Kabla ya kidato cha tatu ada ikapanda tena. Baba Naomi alikuja barazani nikiwa nashona kaptula za watu, akasimama akiiangalia cherehani kama mtu anayemwangalia ng'ombe mnadani.

"Imebaki hii, Mama Naomi."

"Na mume pia amebaki," nikamwambia. "Tuanze na kipi?"

Hakucheka. "Nitakununulia nyingine akishapata kazi."

"Na mpaka apate kazi tutakula nini? Kiingereza?"

Akakaa kwenye mkeka. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Mie niliishia darasa la nane kwa sababu baba alishindwa. Sijawahi kumlaumu mbele za watu, lakini moyoni nilimlaumu mpaka siku tuliyomzika. Sitaki Naomi anizike hivyo."

 Mshahara wake ulikuwa unakwenda shule moja kwa moja. Chakula cha watu sita kilikuwa kinatoka kwenye cherehani ile. Tukiiuza, Naomi atasoma muhula mmoja, na muhula unaofuata hakutakuwa na ada wala chakula. Tusipoiuza, mtoto anarudi nyumbani kidato cha pili, na baba yake anavunjika. Nilikwenda kwenye maombi ya akina mama nikapiga magoti, nikasema maneno haya haya, akina mama walikuwapo, watashuhudia: "Bwana, Naomi amalize praiveti, na cherehani ibaki. Njia uitafute wewe, maana mie siioni."

Mnunuzi alikuja Jumamosi mchana. Mtu mwembamba, mpole, suruali yake ina vumbi jeupe. Alisema mkewe anataka kujifunza kushona. Akakaa, akapiga pedali, akasifu mshono, nami kila anaposifu natamani sindano ivunjike. Naomi akatoka ndani na maji ya mgeni, akasimama ghafla.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Naomi? Kumbe hapa ni kwenu?"

Alikuwa Mwalimu Mbwana, mwalimu wake wa hesabu kule praiveti. Aliondoa mguu kwenye pedali taratibu kama aliyekanyaga mkeka wa mtu kwa viatu.

"Mzee," akamwambia mume wangu, "hii mnaiuza kwa ajili ya ada ya kwetu?"

"Ndiyo, mwalimu. Elimu ni lazima. Na mtoto wako yuko kidato gani pale?"

Mwalimu akanywa maji yote kwanza. "Wangu hayupo pale. Mie nafundisha pale, mzee. Kusomesha pale siwezi."

Ndugu zangu, pale barazani nilisikia mihogo inakua. Kisha akatueleza. Alisema mchana anafundisha mjini, na jua likishuka anafundisha watu wazima kwenye shule ya msingi upande wa Buguruni. Hesabu ni ile ile, mwalimu ni yule yule, chaki ni ile inayobaki mfukoni. Wanafunzi wanachangia mafuta ya karabai tu. "Naomi aje," akasema. "Kuna walimu wengine watatu tunasaidiana. Mtihani wa kidato cha nne ataufanya kama praiveti."

Uso wa Baba Naomi ulifunguka. Akamshika mwalimu mkono kwa mikono miwili, akamsindikiza mpaka barabarani. Cherehani ikabaki.

Sasa hapa ndipo pa kucheka. Wanaojua mambo ya mitihani wanajua kwamba mtu anayejiandikisha kufanya mtihani bila kuwa mwanafunzi wa shule yoyote naye huitwa praiveti. Sie hatukujua. Praiveti tuliyoijua sie ni ile iliyokula mbuzi. Baba Naomi, aliyeshika neno hilo tu, alielewa kwamba shule ya mjini imefungua tawi la jioni, la bei nafuu, kwa watu waungwana kama yeye. Akaenda kumtangazia Mzee Chande.

"Ndugu Balozi, Naomi anaendelea na praiveti. Safari hii ni ya Buguruni."

"Ya Buguruni? Naijua. Nasoma hapo hapo."

"Wewe?"

"Chumba cha pili. Tumefika herufi kubwa. Ndugu karani, ile si praiveti, ile ni ngumbaru."

Mnajua neno ngumbaru linavyotamkwa. Ni kisomo cha watu wazima, kitu chema kabisa, lakini watu wanalisema wakiwa wamepinda mdomo, kama vile kujifunza ukiwa na mvi ni ugonjwa wa ngozi. Mume wangu alirudi amevimba. Akasimama mlangoni akasema mwanawe hatakuwa ngumbaru, aliyekaa na watoto wa mawakili hawezi kukaa na wauza mkaa, na kwamba Mwalimu Mbwana amemdanganya.

Nilitaka kujibu. Naomi akaniwahi. Mtoto yule hakuwahi kumjibu baba yake tangu azaliwe, na siku hiyo alimjibu akiwa anachambua mchele, bila kuinua kichwa.

"Baba, ulitaka nisome pale, au ulitaka nimalize?"

 Baba Naomi alikula. Alinawa. Akachukua redio, akaiwasha, akaizima kabla haijasema neno. Mwisho akaniambia mie, si Naomi: "Njia ile ina vichaka. Asiende peke yake. Umsindikize."

Hiyo ndiyo ilikuwa ndiyo yake. Nilimshukuru Bwana nikiwa bado na ukoko mdomoni.

Nikawa namsindikiza. Yeye anaingia darasani, mie nakaa kwenye ngazi na mbu. Mbu wa Buguruni siku zile walikuwa wakubwa, mmoja nilimdhania kuku. Siku moja Mwalimu Mbwana akatoka nje na chaki mkononi.

"Mama Naomi, ingia basi. Mbu wa ndani ni hao hao, lakini huku kuna taa."

Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la nane shule ya misheni kabla ya kuolewa, na nilidhani yote yameshaoshwa na maji ya nepi. Nikaingia. Nikakaa kwenye dawati la watoto wa darasa la pili, nusu yangu ndani, nusu yangu Kisarawe. Na mwalimu alipoandika hesabu ubaoni, ndugu zangu, nikakumbuka. Ilikuwa kama kukutana na mtu wa kijijini kwenu katikati ya Kariakoo.

Tangu hapo njia ya kurudi ikawa shule ya pili. Naomi ananiuliza, namjibu. Nikikosea anacheka, nikipatia anacheka zaidi. Jirani yangu Mama Zuhura alikuwa akitungoja ukutani kwake kila jioni.

"Haya, wanafunzi. Mkifeli wote, nani atamchapa mwenzie?"

"Tutakuita wewe, shoga, una mkono mzito."

Mchana nilishona. Viatu vya wadogo zake vikarudi kimoja kimoja, nasema kimoja kimoja na sitanii, cha kushoto kilitangulia. Mbuzi mmoja naye akarudi, si yule, lakini ana tabia zile zile.

Naomi alifanya mtihani wake, na akafaulu. Si kwa kuvunja rekodi za dunia, ingawa Upareni nimewaandikia kwamba alizivunja. Alifaulu vya kutosha kuchaguliwa chuo cha ualimu. Baba yake alipoambiwa alikuwa bandarini, wanasema alipanda juu ya magunia akatangaza kwa wapagazi wote, "Naomi amemaliza praiveti." Alipolisema hilo jioni, akiwa anacheka, mie ndipo nilipoketi chini. Nilikumbuka maneno ya maombi yangu. Niliomba Naomi amalize praiveti na cherehani ibaki. Bwana alinipa nilichoomba, neno kwa neno, ila yeye alijua kuna praiveti mbili.

Mie nilimaliza baadaye, kwa daraja ambalo silitaji, lakini cheti kina muhuri. Na Baba Naomi, aliyesema mwanawe hatakuwa ngumbaru, sasa hivi yuko kidato cha pili pale pale Buguruni. Amegombana na Mzee Chande juu ya karabai, ikae chumba chao au chumba cha pili.

Wazazi wananifuata kuniuliza. Hata Mama Zuhura amekuja, safari hii bila utani, mwanawe hakuchaguliwa, na ada ya mjini imepanda tena. Nimpeleke, Mama Naomi, nisimpeleke? Nami namwambia kila mtu hivi. Sisemi shule ya kulipia ni dhambi. Walimu wa pale walimfundisha Naomi vizuri ile miaka miwili, na nawaombea baraka. Mwenye uwezo alipe, mtoto ni wake. Lakini ada inayokula ile kazi inayoilipa, ada inayowafanya wadogo waache kuomba viatu, hiyo mie siwezi kuitetea mbele za Mungu wala mbele ya wadogo wenyewe. Mama Zuhura alinisikiliza, akafunga ushungi wake vizuri, akaniuliza tunaondoka saa ngapi.

Mwaka huu ni zamu ya Yona wetu, mdogo wake Naomi, kumaliza darasa la saba. Majina yatasomwa hivi karibuni. Akiitwa tutashukuru, na nitawasumbua kwa ushuhuda mwingine. Asipoitwa, hakuna kitakachouzwa nyumbani mwangu. Nalala usingizi mzuri, ndugu zangu, na aliyewahi kulala kwangu wakati wa masika yale anajua hicho ni kitu cha kumshukuru Mungu.

Namshukuru Bwana, aliyelisikia ombi langu vizuri kuliko nilivyolisikia mwenyewe. Mchungaji, nashukuru kwa karatasi. Na wewe ambaye jina la mwanao halikusomwa, usijifungie ndani ukihesabu cha kuuza. Mwamini Bwana, uje kwangu Tabata, nyumba yenye cherehani barazani, jua likianza kushuka. Mje wote wawili, wewe na mtoto. Tutaomba tukiwa tunatembea.