Saa Iliyofika Sifuri

Bwana asifiwe, kanisa! Na nyinyi wa nyuma pale mlioitika nusu, asifiwe tena!

Ndugu zangu, mnanijua. Mimi ni Mama Athieno, yule anayeuza mukene, wale dagaa wa Majanji, hapa Busia, na nikivuka upande wa Kenya nawaita omena. Leo sikuja kushuhudia homa wala ajali. Nimekuja kushuhudia kompyuta. Cheka tu, mchungaji, utanyamaza sasa hivi.

Marehemu mume wangu, alipojua kwamba haponi, aliniambia niwashe kompyuta ya nyumbani nimshikie maiki karibu na mdomo. Akambariki binti yetu Athieno kwa Kidhopadhola, baraka ya baba kwa binti anayeolewa. Mtoto alikuwa bado anasoma. Sauti hiyo ilikaa humo miaka yote, wala sikuwahi kufikiria kuiweka mahali pengine. Na Athieno alisema wazi: siku wakwe watakapokuja Kirewa, nyumbani kwa baba yake, hatoki ndani kabla hajaisikia.

Wakwe walikuwa waje Jumamosi. Alhamisi mchana niliwasha kompyuta, nikatafuta nyimbo za harusi kwenye mtandao. Ghafla skrini ikawa nyekundu yote! King'ora kikalia mpaka kuku wakakimbia uani. Maandishi ya Kizungu yakasema kompyuta imejaa virusi na kila kitu kilichomo kitafutika. Kulikuwa na saa inayohesabu kurudi nyuma, na kitufe cha kubonyeza ili mlinzi wa kompyuta, eti antivirus, aje kuisafisha. Ndugu zangu, niliona mume wangu anakufa mara ya pili.

Nikafanya nini? Nikaweka mkono juu ya skrini, nikakemea virusi kwa jina la Yesu, nikafumba macho, nikabonyeza kile kitufe kwa imani! Imani ilikuwepo, macho ndiyo niliyoyafunga. Yule mlinzi akaingia ndani akakaa. Kila nikigusa sauti ya mume wangu, anaruka mbele na kuifunika. Halafu akaniletea nambari ya simu, nimpigie fundi.

Nikapiga. Mwanamume akajibu kwa upole, akaijua shida yangu kabla sijamaliza kuieleza. Akaniongoza niingize programu nyingine ndogo, kisha akataka nimsomee tarakimu zilizotokea ili aingie mwenyewe kwenye kompyuta yangu. Nikaanza kusoma. Nikakwama, nikawa natafuta miwani. Akasema, "Haraka mama, haraka, kabla saa haijaisha!"

Hapo Roho wa Mungu akanishtua! Hiyo haraka naijua! Pale mpakani kuna wale wanaojifanya maafisa, wana koti safi na hawana beji. Wanakuita nyuma ya malori: "Mama, leta hapa haraka, kabla mkubwa hajafika." Afisa wa kweli hana haraka, ndugu zangu! Atakungojesha mpaka samaki wako wanuke. Nikakata simu. Nikachomoa modemu.

Lakini saa bado ilikuwa inahesabu. Nikaanza kutetemeka. Na kama nimekosea? Na kama nimemfukuza yule ambaye angeniokolea ile sauti? Athieno akaingia, akaona ule wekundu.

"Mama, nini hiyo? Sauti ya baba iko wapi?"

Nilimshika mkono, nikasema, "Bwana, mimi kompyuta sijui. Wewe nakujua." Tukabaki tunaitazama, mimi na mwanangu, hatupumui. Saa ikafika sifuri.

Kimya. Kisha ikaanza upya! Kutoka mwanzo kabisa, king'ora kilekile, vitisho vilevile. Kumbe muda wote ilikuwa haina la kufanya! Mwongo mkubwa! Nilipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza kama wakwe wamefika.

Tukaipeleka kwa Wandera, fundi wa kompyuta pale karibu na soko. Akaangalia, akatikisa kichwa. "Mama, hii kitu inajiita dawa, kumbe ndio ugonjwa yenyewe." Akaiwasha kwa namna yake bila intaneti, akamng'oa yule mlinzi wa uongo pamoja na ile programu ya mwenzake wa simu, akaipima yote kwa antivirus ya kweli. Hakuniahidi kitu. Nilikaa kwenye benchi lake nikiomba kimoyomoyo. Mwishowe akabonyeza, na mume wangu akakohoa! Nililia mbele ya wateja wake wote, sikuona aibu. Sauti hiyo sasa iko kwenye flashi mbili, moja anayo Athieno.

Jumamosi, kule Kirewa, tukaifungua chumbani. Baba akambariki binti yake, neno kwa neno. Kisha ikaja sehemu ambayo nilikuwa nimeisahau kabisa. Aliniuliza, kwa pumzi ndogo, "Mama Athieno, bado umeshika?" Na sauti yangu ya zamani ikajibu, "Nimeshika." Athieno akapangusa uso, akatoka nje kwa wakwe.

Nakushukuru, Yesu! Ndugu yangu, kama kuna kitu kinakutisha leo na kukuharakisha, usikisomee tarakimu zako. Mkabidhi Bwana, hata ukiwa unatetemeka, uache hiyo saa ifike sifuri. Mimi nilitetemeka, lakini mume wangu aliponiuliza, nilikuwa bado nimeshika.