Bomba Nyuma ya Choo

Rimma, karani wa takwimu wa mkoa, alikuwa akirudi kwao kwa treni. Mbele yake mzee mmoja alipakata shoka jipya alilolifunga kwa gazeti, maana bila kulifunga wahudumu wa treni wasingemruhusu kupanda nalo. Abiria wa pembeni, mwenye mkoba wa ngozi, akalisoma lile gazeti.

“Mzee, umeona? Mkoa wetu unaongoza nchi nzima kwa uwekezaji! Bomba la gesi hilo!”

“Bomba limepita nyuma ya choo changu, linapeleka gesi ng’ambo. Mimi na miaka yangu sabini na nne bado napasua kuni.”

“Lakini limejengwa kwetu, kwa hiyo linahesabiwa kwetu.”

“Basi treni ikipita kijijini kwangu bila kusimama, niseme nimesafiri?”

Rimma akajikuta anasoma tangazo la kukataza sigara kwa mara ya tatu. Hesabu ile ya uwekezaji aliiandika yeye, na haikuwa na kosa hata moja.

Treni ikapunguza mwendo. Mzee akasimama.

“Niachie gazeti basi, sijamaliza,” akasema mwenye mkoba.

“Thubutu! Hili nawashia jiko. Angalau leo uwekezaji wenu utanipasha moto.”

Mlango ukafunguka, baridi ikaingia, naye akashuka.