Evelina Kashindye na Ngitili Iliyofungwa Mwabujiku

Kosa la wengi wetu ni kudhani kwamba hewa ukaa ikishauzwa, moshi umepungua. Bi. Evelina Kashindye, afisa misitu anayestaafu tarehe 30 Juni baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, ametufafanulia kosa hilo kwa uvumilivu mkubwa, na kufanya hivyo kulimgharimu.

Alianza kazi Misungwi kwa baiskeli na futi kamba. Alipoizungusha kwenye shina kupima unene, wazee walimtania: “Mama, huo mti unaushonea suruali?” Akawajibu kwamba angalau mteja huyo halalamiki nguo ikimbana. Jina la Fundi Cherehani lilimfuata hadi ofisini kwetu Nyamagana.

Biashara ya kaboni ilipofika, alieleza hivi. Mwenye kiwanda cha mbali akitozwa kwa kila tani ya moshi, na tozo ikiwa kali, atabadili tanuri. Lakini akiruhusiwa kulipia miti ya watu wengine kwa bei rahisi, tanuri litabaki lilelile. Mti unavuta huku, bomba linatoa kule.

Kijiji cha Mwabujiku kilisaini na kampuni ya kaboni kutunza miti ya ngitili yake, yaani malisho ambayo Wasukuma huyafunga wakati wa mvua ili mifugo ile kiangazi. Hakuna aliyeuliza itafunguliwa lini, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona ngitili isiyofunguliwa. Kampuni ilikusudia kuifunga miaka thelathini. Bi. Evelina alionya mkutanoni, akaambiwa anachelewesha maendeleo.

Kiangazi cha mwaka juzi, ng'ombe wa Mzee Shimba na mkewe Mhoja walisimama nje ya uzio wa ngitili huku majani wakiyaona. Sungusungu waliolinda walikuwa vijana wa kijiji hichohicho. Bi. Evelina alipofika, Bibi Mhoja aliitikia shikamoo yake, kisha akasema: “Mwanangu, moshi wetu sisi ni wa mafiga matatu. Mbona faini tunalipa sisi?”

 Asubuhi iliyofuata Bi. Evelina aliufungua uzio kwa mikono yake, watu wakitazama. Kampuni ikasitisha malipo ya kijiji, naye akahamishiwa masjala. Hata hivyo alikuwa amechelewa; ng'ombe wengi walikuwa wamekwisha kufa kwa njaa. Zizi la Shimba lilibaki na maksai mmoja, na maksai mmoja halimi. Wazee wale wawili sasa wanalima kwa jembe la mkono.

Bi. Evelina, asante kwa kazi, na kwa kukubali kuchukiwa kwa ajili yake. Tunakuombea afya, mvua za wakati huko kwako Kisesa, na usingizi usiokatizwa na simu za ofisi.

Kwako unayebaki kazini: vijiji vingine vinatarajiwa kusaini mwezi ujao. Leo, kabla hujaketi kula, mpigie mwenyekiti wa kijiji unachokihudumia, umwambie asisaini kabla hajakaa na wenye ng'ombe.