Mashimo Nyuma ya Nyumba ya Kupumzika

Wamama, wababa, munisaidie kwanza kushukuru Mungu, kwa sababu kuna siku nilikuwa karibu nife mu mikono ya majirani zangu, na kosa lilianzia kwa mudomo wangu mwenyewe. Wanaonijua wanaujua huu mudomo. Mucheke sasa, mbele kuna pahali hamutacheka.

Munajua ile nyumba ya zamani za wazungu wa pamba, ya matofali, kwenye njia ya Wamaza. Marehemu bwana wangu aliitengeneza upya, na alipokufa nikaifanya nyumba ya wageni. Watu wa kazi za ofisi wanatoka Kindu, wanatoka Bukavu, wanakuja kwa konje, likizo yao: wanalala, wanakula samaki wa bwawa langu na sombe, majani ya muhogo wa shamba langu. Taa ni za jua, maji ni ya mvua. Kwangu kitu hakitupwi. Maganda ya ndizi, majani, mavi ya mbuzi, vyote vinaingia mu mashimo nyuma ya nyumba, vinaoza, vinakuwa mbolea. Nilichimba mashimo sita marefu, kila moja linatosha mutu kulala. Hiyo nilikuja kuiona nimechelewa.

Na mbele nikatundika kibao: HAPA WATU WANAPUMZIKA. Jamani! Mutu wa kwetu akisikia fulani amepumzika, si anauliza matanga iko wapi?

Halafu wageni wenyewe. Wanafika magaribi na pikipiki, kila mutu anawaona. Wanaondoka alfajiri sababu ya njia mbaya, hakuna anayewaona. Muwaze wenyewe.

Siku moja jirani akasimama kwenye uzio, akauliza, "Mama, mu ile mashimo munatia nini?" Nilikuwa na haraka, na kiburi pia nilikuwa nacho. Nikamujibu, "Nazika wenye maswali mingi." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Ndugu zangu, nawaambia, lile neno lilitembea. Watoto wakaacha kuja kuomba mapera. Sokoni nikisalimia, hakuna anayeitika. Asubuhi moja nikakuta shimo limefukuliwa kidogo na fimbo. Pale ningeita watu, niwaonyeshe, yaishe. Wapi! Nikaongeza miba kwenye uzio.

Sasa, kulikuwa mama mumoja wa huku chini. Mutoto wake, kijana mukubwa, alikwenda Lusangi kuchimba dhahabu. Alisema wiki mbili. Miezi ikapita, hakuna habari. Watu wakasema mara ya mwisho alionekana akipita mulangoni kwangu. Kila anayekwenda kule anapita mulangoni kwangu! Lakini nani angenisikia?

Walikuja saa sita ya muchana, jua kali. Hawakuimba, hawakupiga kelele. Nilisikia miguu tu. Wanaume na mapanga, na mumoja na bidoni ya petroli. Mugeni mumoja aliyelala kwangu akaniambia, "Mama, tupite nyuma, tukimbie." Kweli nilikaza kikwembe kiunoni nikimbie. Halafu nikamuona ule mama mbele yao, ameshika jembe, na mimi hanitazami hata. Anatazama mashimo. Nikajua huyu hakuja kuniua, amekuja kuchukua mutoto wake. Miguu ikakataa.

Nikafungua uzio, nikamwambia, "Mama, ingia. Tuchimbe."

Yeye na jembe, mimi na mikono. Shimo la kwanza: maganda, majani, minyoo. La pili vilevile, na la tatu. Wanaume wamesimama juu yetu. Mu la nne jembe likagonga kitu, akakitoa. Mufupa. Akapiga yowe, na nikasikia mutu nyuma yangu anafungua bidoni.

Akaufuta ule mufupa na kikwembe chake. Akaugeuza, akaugeuza tena. Uhai wangu wote ulikuwa mu mikono yake, angesema neno moja tu, wangeniua. Akasema, "Ni ya mbuzi. Mutoto wangu haiko hapa. Murudi kwenu." Halafu akakaa chini mu mbolea, akalia, na mimi nikalia naye.

Ule mama namushukuru mbele yenu wote. Nashukuru na wamama waliokuja kesho yake kurudisha mbolea mu mashimo pamoja na mimi. Na nawaomba: ukianza kazi ambayo watu hawaijui, waite waone. Wakiuliza, jibu vizuri, hata kama una haraka. Kibao nilikitoa, uzio pia. Anayetaka mbolea aje na kikapu. Na ninyi wa mapanga, muko humu ndani, nawaona. Nimewasamehe. Ila usingizi wangu haujarudi wote.

Ule mama anafanya kazi kwangu sasa. Mutoto wake hajarudi bado. Pikipiki ikisimama mulangoni, anaacha jembe, anatoka kuangalia nani anashuka. Na mimi naacha sufuria kwenye moto, natoka naye.