Mama Kahambu, Aliyeokoa Mayai Mia Nne

Tarehe 31 Octobre 2019, Mama Kahambu Micheline anamaliza miaka ishirini na minne ya kazi katika nyumba yetu ya kutotolesha vifaranga, hapa Goma. Alianza mwaka 1995, kambi za wakimbizi zikiwa zimejaa kila upande. Vita vikaja, vikaondoka, vikarudi. Yeye alikuwa akigeuza mayai tu. Nimepewa mimi kuandika wasifu huu kwa sababu kalamu yangu ndiyo nzuri hapa. Wenye diplôme wakikasirika, shauri yao.

Alifika kutoka Butembo akiwa mfagiaji. Mwaka haukuisha, akawa mkubwa wa couveuse, ile mashine ya kutotolesha mayai. Hakuamini thermomètre peke yake: aliweka yai kwenye kope ya jicho, akakutajia joto. Tulimjaribu mara nyingi, na kila mara sisi ndio tuliopoteza dau na kununua sucré, soda ya kunywa.

Lakini sifa yake kubwa ni ya mwaka 2013. Wakimbizi wa Rutshuru walikuwa wanatoka kambini kurudi kwao, na kila mjane aliahidiwa vifaranga kumi vya kuanzia maisha. Wa kwanza kwenye liste alikuwa Mukashyaka, mama wa watoto watano, ambaye vita vilimwachia jembe na sufuria. Mayai yalikuwa mia nne. Mengine hayakuwepo.

Couveuse mpya ilikuwa imetoka Uganda kupitia mpaka wa Bunagana, imeandikwa Fahrenheit kila mahali. Papier yetu ya maagizo ilikuwa ya Celsius. Siku ya kumi na nane, papier inasema, shusha joto degré moja. Ingénieur wetu Émile, kijana mpole mwenye diplôme ndani ya kioo, akafungua tableau yake ya kubadilisha vipimo: degré 1 ya Celsius ni 33.8 ya Fahrenheit. Basi akatoa 33.8. Kutoka 99.5 tukaanguka karibu na 66. Vifaranga walikuwa wanalala baridi ya Masisi, kule milimani.

Mama Kahambu aliporudi kutoka sokoni, yai lilipogusa kope, uso ulibadilika. Akaelezwa hesabu. Hakupiga kelele, alimuuliza Émile kama alishavuka Bunagana.

«Saa ya Uganda inatutangulia saa moja. Ukinipa rendez-vous ya kwao, nitahesabu ile moja. Ukiniambia nikungoje muda wa saa mbili, mwanangu, nitangoja mbili, huku ao kule. Ile 32 iliyo ndani ya 33.8 yako ni ya kujua uko wapi, haiko ya kujua umeshuka ngapi.»

Maji yanaganda kwenye 0 ya Celsius na 32 ya Fahrenheit, ndiyo maana tableau iliongeza 32. Lakini kwa kushuka tu, unazidisha kwa 1.8, basi. Akaweka 97.7.

Siku ya ishirini na moja, ile ya kutotoa, hakuna yai lililopasuka. Émile hakula. Siku iliyofuata, mchana, yai moja likapasuka, halafu yakafuatana. Walitoka vifaranga 318. Émile alilia; yeye anasema ilikuwa mafua.

Leo Mukashyaka ameshuka kutoka Rutshuru kwa sherehe hii, na binti aliyesomeshwa kwa kuku wale. Tulimuuliza ni wamama wangapi wa kwao wanafuga kizazi cha vifaranga wale. Akahesabu kwa majina, vidole vikaisha, akaazima vya binti yake.

Aksanti sana, Mama Kahambu. Urudi Butembo salama, magoti yasikuume, na Mungu akupe miaka mingi ya kukaa bila kuhesabu kitu.