Kiputo Kilichobaki Kitupu

Keti, Abbasi, nawe Kuruthumu mwanangu, niinulie mto kidogo, kwani maneno ya mtu aliyelala chali hukwama njiani. Mwalimu Marcel, usisimame kizingitini kama mgeni anayeuliza njia. Ingia, ukae karibu na Maalimu Abdalah, niliyemwita awe shahidi, kwa kuwa ninayoyanena leo ni wosia, na wosia usio na shahidi ni upepo. Sifa njema ni za Mola aliyempa mja wake kalamu kabla hajampa mali. Mimi Hilali bin Khatibu naondoka nikiwa na akili zangu, sidai wala sidaiwi.

Nyumba hii ya Kasulu na duka la Kibondo gawaneni kama mirathi inavyoelekeza, sehemu mbili kwa Abbasi na moja kwa Kuruthumu, maana mama yenu Siti alinitangulia na warithi wangu ni ninyi tu. Hilo halina mjadala. Lililobaki ni bweta lile chini ya kitanda, lenye karatasi za herufi nilizozichora kwa mkono, na ambalo ninyi wawili mmelitazama mwezi huu mzima kama kuku wawili watazamavyo panzi mmoja.

Mnajua zilivyozaliwa. Mwalimu huyu alipoletwa kufundisha kisomo cha watu wazima, alichora visa vya picha kwa ajili ya wakulima wa Rungwe Mpya, kisha akaniomba niandike maneno yatokayo vinywani mwa watu wake, kwa kuwa alikuwa ameliona bango la duka langu. Mimi nilifundishwa khati na marehemu baba yangu kule Pangani, naye hakuniruhusu kutia jina langu chini ya kazi yoyote mpaka aliponipa ijaza, idhini ya mwalimu kwa mwanafunzi. Basi nikakata tete la mto Malagarasi liwe kalamu, nikazipima herufi hizi za shule kwa nukta za kalamu, kama alivyonifundisha kuipima alifu, zikatoka zimenyooka kama safu ya swala. Nikajiona nimemaliza.

Wanakisomo wakatufunza adabu. Venanti alikitazama kile kiputo cha maneno kilichochorwa mdomoni mwa mtu akauliza, "Mwalimu, huyu bwana ana tezi, au anavuta tumbaku?" Walipokwisha kuelewa kwamba ni usemi, Bibi Ernesta akaisoma karatasi polepole, kidole chini ya kila neno, akasema, "Mume amelewa, mke ana hasira, na wote wanaongea kama karani wa mahakama. Nipe sauti ya mlevi, Mzee Hilali. Naijua, ninayo nyumbani." Ndipo nikachora herufi za mlevi, zinazoegemeana ili zisianguke, na za hasira, zenye mabega mapana, na za mnong'ono, zilizoinama kama mtu apitaye chini ya mgomba.

Kisha wachapaji wakazifuta zote wakapiga maneno kwa taipu, naye Marcel akanyamaza. Sikumsemesha kwa masika matatu. Siku moja akaja hapa barazani, akasema bila salamu ndefu, "Mzee, Bibi Ernesta anauliza watu wetu wamekufa lini, mbona hawana sauti." Aliyejibu ni Kuruthumu, aliyelichukua tete akaketi kuandika, nami nikajifanya nasinzia huku nikilisikiliza likikwaruza. Halikukosea.

Abbasi, nakujua una mnunuzi Dar es Salaam, mwenye kiwanda cha chapa, atakaye kuzisubu herufi kwa madini ya risasi. Uliniambia, "Baba, zitasomwa nchi nzima." Hoja yako ina miguu, wala sikukukasirikia. Lakini mnunuzi wako anataka sauti moja tu, ile iliyonyooka, na hizo nyingine amesema zitupwe. Mwenye kununua ngoma akaikataa ngozi, amenunua gogo.

Sasa sikilizeni hukumu yangu. Sheria hainiruhusu kumwusia mrithi zaidi ya fungu lake. Na karatasi zikiingia katika mirathi, mmoja atabaki na a, mwingine na b, nanyi mtakuwa mabubu wenye alfabeti. Kwa hiyo bweta, ambalo ni chini ya theluthi ya mali yangu, namwusia Mwalimu Marcel, asiye mrithi wangu wala wa dini yangu, na sheria inaridhia. Maalimu, shuhudia. Wewe Marcel ulinyamaza mara moja. Sidhani utanyamaza tena. Na kwa kuwa ijaza si mali, haigawanywi, nakupa wewe Kuruthumu: tangu leo tia jina lako. Yeye ana karatasi, wewe una mkono. Hakuna atakayeuza bila mwenzake. Abbasi, usinune. Duka ni lako kwa sehemu kubwa, na majarida ya visa hivi yatauzwa wapi kama si dukani?

Kaburi langu msiliandike chochote. Nimeandika vya kutosha.

Nipeni maji... Alhamdulillahi.

Limebaki moja. Marcel, unakumbuka kisa chako cha mzee anayekata roho, nikakiacha kiputo chake kitupu. Ukaniambia, "Jaza tu, Mzee, ni maneno mawili." Nikakujibu kwamba sauti hiyo siijui. Sasa ninayo. Kuruthumu, chukua tete, usilie juu ya karatasi. Herufi ziwe nyembamba... ziachane, kila moja ivute pumzi yake. Zipungue kimo. Lakini mstari, mwanangu... mstari usishuke.

Mungu awaridhie, kama mimi... nilivyowaridhia. Mpendane.

Umeisikia vizuri sauti hii, Kuruthumu?

Basi... andika.